Mkate Chini ya Mretemu

Tunawasalimu nyote katika jina la Bwana: ninyi mlio nyumbani mkingoja chakula cha jioni, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi walinzi mnaoanza kazi ya usiku mkiwa na redio ndogo kando yenu. Jioni ya leo tunataka kuzungumza juu ya sahani. Ndiyo, sahani ya chakula. Huenda mtu atasema kwamba kasisi ameacha Neno na kuingia jikoni. Mtuvumilie kidogo, kwa maana Neno lenyewe ndilo linalotupeleka huko.

Tunakumbuka habari za Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa shujaa juu ya mlima Karmeli mbele ya watu wote. Kisha Yezebeli akamtumia habari kwamba atamwua, naye akakimbia mpaka Beersheba. Huko alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Alikuwa amechoka, wala hakutaka kuishi tena. Ndipo akalala usingizi.

Sisi wahubiri tuna desturi ya kuruka mahali hapa na kukimbilia Horebu, penye upepo na tetemeko na moto. Leo hatuendi Horebu. Tunataka kukaa chini ya mti ule na kuangalia jinsi mtu huyu alivyotendewa. Hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Hakuambiwa afunge siku tatu. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji karibu na kichwa chake. Akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa ndefu. Mungu alimwuliza swali lake baadaye, alipokwisha kula mara mbili. Twaona jambo kama hilo katika Injili ya Marko, sura ya 5. Binti Yairo alipofufuliwa, Bwana aliagiza apewe chakula. Wazazi wake, kwa kushangaa kwao, pengine wangesahau.

Basi, tunataka kuwafikiria ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Katika Kenya ni zaidi ya milioni 1, nao wamo katika kila ushirika, tuwajue tusiwajue. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza nchini mwetu mwaka wa 1984, na mwaka wa 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la taifa. Wazee wa kanisa wanakumbuka miaka ile, tulipozika Jumamosi hii na Jumamosi inayofuata, wala hakuna aliyethubutu kutaja ugonjwa uliomwua marehemu. Tangu mwaka wa 2006 dawa zimetolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Leo wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, na virusi vinashuka hata havionekani katika kipimo. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, na kwa madaktari, na kwa wauguzi wetu.

Lakini yako mambo ambayo kipimo kile hakiyaoni.

Tulimtembelea mama mmoja, naye ametupa ruhusa kusema habari zake bila kutaja jina wala kijiji. Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi. Virusi vilikuwa chini, hakukosa siku hata moja. Hata hivyo alikuwa ameacha kwaya, ameacha shamba, na mchana alikuwa amelala mlango umefungwa. Jiko lilikuwa baridi. Tulipomwuliza amekula nini, alisema, "Mchungaji, nimpikie nani? Nakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, nalala." Kisha akasema jambo lililotuumiza zaidi. Alidhani Mungu amemwacha, kwa sababu kila akipiga magoti maneno hayatoki.

Wako watu katika ushirika waliokuwa wamemshauri afunge.

Ndugu wasikilizaji, hatukatai kufunga. Kanisa letu lina Kwaresima, nasi tunaishika. Lakini kumwambia mtu afunge naye tayari hali, ni sawa na kumwambia mtu aliye kisimani azidi kuteremka. Huzuni nzito huondoa hamu ya chakula. Asiyekula vizuri huchoka, na aliyechoka hapiki, na asiyepika huzidi kuhuzunika. Ndivyo mambo haya yanavyovutana. Tena mwenye virusi ana haja kubwa kuliko jirani yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2003 kwamba mtu mzima mwenye virusi, hata akiwa hana dalili, mwili wake unahitaji nguvu ya chakula kama asilimia 10 zaidi, na akiwa mgonjwa asilimia 20 mpaka 30 zaidi. Yaani yeye aliyekosa hamu ndiye anayepaswa kula zaidi.

Na ubongo nao hula. Tumezoea kufikiri kwamba chakula ni cha mikono na miguu, lakini ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote. Wala hautosheki na nguvu pekee. Iko kemikali katika ubongo iitwayo serotonini, inayosaidia moyo kutulia na usingizi kuja, nayo hutengenezwa kutokana na protini tunayokula katika mayai, maharagwe, samaki na maziwa. Iko vitamini iitwayo B12, ambayo kwa asili haipatikani katika mboga wala nafaka, bali katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Ikipungua sana, mtu husahau, hufa ganzi miguuni na kuhuzunika. Iko folati katika mboga za majani, na iko chuma. Mtu aliyepungukiwa na chuma huburuta miguu, na watu husema ni mvivu.

Tunataka kueleweka vizuri hapa. Mtu aweza kushiba asiwe amelishwa. Ugali mkubwa na mchuzi wa chumvi hujaza tumbo, lakini hayo tuliyoyataja hayamo ya kutosha. Huko Australia wataalamu walifanya jaribio lililotangazwa mwaka wa 2017. Waliwachukua watu 67 wenye huzuni nzito na chakula duni, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kula mboga, maharagwe, samaki na nafaka zisizokobolewa, na jingine lilipata mtu wa kuzungumza nalo tu. Baada ya majuma 12, karibu mmoja katika watatu wa kundi la chakula alikuwa ametoka katika huzuni yake. Katika lile jingine ni kama 8 katika kila 100. Watu wale walikuwa wachache, wala jaribio halikuwa juu ya virusi, kwa hiyo hatulifanyi kuwa Injili. Bali sisi tunao ushuhuda wa karibu zaidi, hapa hapa nyumbani.

Mwaka wa 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, pamoja na wenzao kutoka Marekani, walianzisha kazi ya kuwatibu wenye virusi, inayojulikana kwa jina la AMPATH. Dawa zilifika. Lakini haikuwa muda mrefu madaktari wakaona kwamba wako wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa na bado wanakonda, kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Wakafanya nini? Wakalima. Pale Mosoriot walianzisha shamba, na mboga zake zikapelekwa kwa wagonjwa na jamaa zao. Tunapenda sana habari hiyo ya daktari anayeandika dawa kwa mkono mmoja na kushika jembe kwa mkono wa pili.

Kisha upande wa ziwa la Viktoria kulifanyika kazi iliyoitwa Shamba Maisha. Tangu mwaka wa 2016 mpaka 2019, katika vituo 16 vya afya magharibi mwa Kenya, watu 720 wenye virusi walifuatwa kwa miaka miwili. Nusu ya vituo wagonjwa wake walipewa mkopo mdogo, pampu ya kumwagilia isiyotumia mafuta bali nguvu za mtu mwenyewe, na mafundisho ya kulima na kuuza mboga. Nusu nyingine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2022.

Sikilizeni sasa. Kwa upande wa virusi, makundi mawili hayakupitana. Katika yote mawili, watu 94 au 95 katika kila 100 walikuwa na virusi vilivyoshuka. Dawa ilifanya kazi yake pande zote. Lakini njaa ilipungua zaidi kwa wale wenye pampu, na huzuni nayo ikapungua. Mwanzoni watu 48 katika kila 100 wa kundi lao walikuwa na dalili za huzuni nzito. Mwishoni walikuwa 11. Katika kundi la pili walianza 29 wakafika 12. Mtu mwangalifu ataona kwamba hao wa kwanza walianza wakiwa na mzigo mkubwa kuliko wenzao, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo wenye pampu waliteremka kwa upesi zaidi, tena walizidi kujiamini na kupata watu wa kuwategemea. Hatuwezi kusema ni sukuma wiki pekee iliyofanya hayo. Mtu anayeuza mboga sokoni huitwa kwa jina lake. Huamka asubuhi kwa sababu miche inangoja maji. Sisi tunaona kwamba ni vigumu kutenga kilicho ndani ya sahani na namna sahani ilivyopatikana.

Na tukitaja sahani, lazima tutaje pia nani anakula nayo. Kwa miaka hii yote imefundishwa kwamba virusi haviambukizwi kwa kula pamoja wala kunywa pamoja. Hata hivyo tumeingia nyumba za Wakristo tukakuta kikombe cha bati kimewekwa peke yake juu ya dirisha, nasi tukajua ni cha nani. Ni ajabu kwamba Jumapili twanywa na ndugu katika kikombe kimoja mezani pa Bwana, na Jumatatu twamtengea kikombe chake. Elia alimwacha mtumishi wake Beersheba kwa hiari. Wako wengine ambao hawakumwacha mtu, bali waliachwa. Mtu anayekula peke yake kila siku, siku moja ataona haina haja kuwasha moto.

Sasa tuingie jikoni kwa kweli. Akina mama mnaotusikiliza mnajua zaidi kuliko sisi, na mkicheka mcheke kwa upole. Chakula tunachokisema si cha tajiri. Omena, anayedharauliwa kwa udogo wake, huliwa mzima na mifupa yake, ndani yake mna protini, chokaa, B12 na mafuta yale ya samaki yanayofaa ubongo. Managu, terere, kunde na mrenda, ambazo zamani tulizihesabu kuwa mboga za maskini, zina chuma na folati nyingi. Msizichemshe mpaka zikawa kama tope na kumwaga maji yake, kwa maana folati huenda pamoja na maji hayo. Ndengu na maharagwe na njugu ni nyama ya shambani. Uji wa wimbi unafaa kuliko mkate mweupe. Kuku wawili uani humpa mtu yai mara kadhaa kwa juma, kama haliuzwi lote.

Na chai. Tunajua tunagusa mahali pabaya. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kukipokea chuma kilicho katika mboga na maharagwe. Hatusemi muache chai, tungefukuzwa hata katika mikutano ya kanisa. Tunasema ingojee saa moja au mbili baada ya kula, na mahali pake mezani pakae chungwa, pera au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, kwa kuwa hayo husaidia chuma kuingia.

Pombe tutaitaja kwa neno moja tu: mwenye huzuni anayeitafuta ili alale huamka saa tisa usiku na huzuni ile ile, na pengine dawa hakuikumbuka.

Liko jambo jingine ambalo limewapotosha wengi. Watu walisikia zamani kwamba dawa zataka chakula, basi siku chungu kikiwa kitupu wanaacha kumeza. Hili ni hatari. Dawa ambayo watu wazima wengi wanaitumia sasa, yenye dolutegravir ndani yake, yaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Mwenye kupewa vidonge vya chuma au vya chokaa amwulize mhudumu saa ya kuvimeza, kwa maana vyaweza kuizuia dawa ile isiingie vizuri mwilini. Tena wako waliotumia dawa ya zamani iitwayo efavirenz, ambayo iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na moyo mzito. Na hii ya sasa huwanyima wachache usingizi. Msijiamulie kuacha. Semeni kliniki.

Na tunasema upande wa pili kwa nguvu ile ile, tusije tukafanya chakula kuwa mganga. Huko Afrika Kusini, waziri wa afya wa wakati ule, Manto Tshabalala-Msimang, alisifu kitunguu saumu, ndimu na kiazi chekundu, na dawa zikacheleweshwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka wa 2008 kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa sababu ya ucheleweshaji huo wa serikali. Vitunguu vile havikuwa na kosa. Vilipewa kazi isiyo yao. Hata hapa kwetu wako wanaouza unga wa majani katika chupa, kwa bei ya kuku watatu, wakiahidi kumaliza virusi. Wengine huuza wakiwa na Biblia mkononi. Nunueni kuku.

Vile vile huzuni nzito ni ugonjwa unaotibiwa. Mwongozo wa matibabu wa Kenya unawataka wahudumu wa kliniki wawapime wagonjwa wao kwa maswali 9 juu ya usingizi, hamu ya chakula, uchovu, na kama mtu amewaza kufa. Wengi hujibu haraka haraka kwamba wako salama, ili watoke mapema. Jibuni kweli. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wengi wa kliniki walipoteza kazi, na foleni mnaziona. Huenda hutaulizwa. Basi sema kabla hujaulizwa.

Yule mama tuliyemtaja aliulizwa, naye alijibu kweli. Alipata mshauri. Akina mama wawili wa kanisa wakaanza kumwendea Jumanne na Ijumaa, lakini si kumhubiria. Waliosha sufuria, wakapika omena na managu, wakala naye. Mara ya kwanza alikula vijiko vitatu. Wiki ya nne walimkuta amekwisha kuwasha moto. Hatusemi omena walimponya. Mshauri alikuwa na sehemu yake, na binti yake aliyerudi kutoka Nakuru alikuwa na sehemu kubwa kuliko sisi sote. Kwaya bado hajarudi. Lakini amepanda mistari miwili ya kunde nyuma ya nyumba, na siku tulipopita alitupa fungu tupeleke nyumbani.

Wazee wa kanisa, tunawaomba jambo moja katika mkutano ujao. Mnapohesabu fedha za mavuno na kuuza ndizi na mayai mnadani, wekeni kando kapu moja kabla mnada haujaanza. Wala lisiitwe kapu la wagonjwa, kwa maana hakuna atakayelipokea mbele ya watu. Lipelekwe jioni, na anayelipeleka akae ale.

Na wewe ambaye kidonge kiko mkononi sasa hivi na sufuria ni tupu, meza kidonge chako kwa maji. Kesho uwaambie kliniki kwamba hukuwa na chakula, uwaambie pia kama hutaki kuishi. Na kama usiku huu mawazo hayo ni mazito, usingoje asubuhi, mwamshe jirani. Tutaonana Jumatano ijayo saa hii hii, Mungu akipenda. Kwaherini.